Kura moja, sababu mbili: Marekani ya 1917 na amani iliyokosa mlinzi

Tarehe 6 Aprili 1917, siku ya Ijumaa Kuu, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha tamko la vita dhidi ya Ujerumani kwa kura 373 kwa 50. Siku mbili kabla, Seneti ilikuwa imelipitisha kwa kura 82 kwa 6. Ukizitazama hesabu hizo utadhani nchi nzima ilikuwa na kauli moja. Lakini Machi 1920 Seneti ya nchi hiyo hiyo iliukataa Mkataba wa Versailles, ambao ndio uliokuwa matunda ya vita vile. Zilipungua kura saba tu.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Marekani iliingia vitani ikiwa na shauku, ikashinda, ikachoka na mambo ya Ulaya, ikajifungia ndani. Maelezo hayo hayaniridhishi. Waliobadili mawazo kati ya 1917 na 1920 walikuwepo, ila hawakuwa wengi kiasi cha kuamua jambo. Ukweli ni kwamba waliopiga kura ya vita hawakuwa wamekubaliana hata siku ile walipoipiga. Walifika kwenye uamuzi mmoja kwa njia mbili, na amani ilipowadia kila upande ukadai amani uliyoipigania. Nalifuatilia jambo hili kwa uchungu kidogo, maana amani hiyo ndiyo iliyoamua Dar es Salaam, Tabora na Kigoma zitatawaliwa na nani, bila mtu yeyote wa huko kuulizwa.

Vita vilipolipuka Agosti 1914, Rais Woodrow Wilson aliwataka wananchi wake wasiegemee upande wowote, kwa matendo na hata kwa fikra. Lilikuwa ombi gumu kwa taifa la wahamiaji. Mamilioni walikuwa na asili ya Ujerumani, Waayalandi walikuwa na donda lao la zamani na Uingereza, na Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi hawakuwa tayari kusikia kwamba mfalme wa Urusi ni wa kuungwa mkono. Hata hivyo biashara haikukaa katikati. Manowari za Uingereza zilifunga bahari ya kuingilia Ujerumani, kwa hiyo Mmarekani mwenye ngano, pamba, chuma au baruti ya kuuza aliwauzia Waingereza na Wafaransa. Nao walipoishiwa fedha walikopeshwa na mabenki ya New York, nyumba ya J.P. Morgan ikiwa mbele. Kufikia mwanzoni mwa 1917 mikopo hiyo ilikuwa imevuka dola bilioni 2. Mikopo ya Ujerumani ilikuwa bado ya mamilioni.

Wapo wanaosema mabenki ndiyo yaliyoipeleka Marekani vitani ili yasipoteze fedha zao. Mimi nasema mabenki hayakuandika tamko la vita, ila yalichora njia za meli. Bidhaa zote zilielekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo Ujerumani ikaona njia ya kushinda ni kuzivizia meli hizo kwa nyambizi. Mei 1915 meli ya abiria Lusitania ilizamishwa karibu na pwani ya Ireland, wakafa watu 1,198, Wamarekani 128 wakiwemo. Wilson alilalamika kwa barua kali lakini hakwenda vitani. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena, na wapiga kampeni wake walijivunia kwamba ameiepusha nchi na vita. Januari 22, 1917 alisimama mbele ya Seneti akaomba amani isiyokuwa na mshindi.

Siku tisa baadaye Ujerumani ilitangaza kwamba nyambizi zake zitazamisha kila meli itakayoelekea Uingereza, iwe ya adui au isiwe. Wakuu wa jeshi la Ujerumani walijua kabisa kwamba Marekani itaingia. Walipiga hesabu kuwa Uingereza itakufa njaa ndani ya miezi mitano, kabla askari wa Kimarekani hawajavuka bahari. Kisha tarehe 1 Machi magazeti ya Marekani yakachapisha simu ya maandishi (telegramu) ya siri ya waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, iliyonaswa na Waingereza. Ndani yake Mexico iliahidiwa kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona ikiwa itaungana na Ujerumani. Zimmermann mwenyewe alikiri kuwa ni yake.

Hapo Marekani ilikuwa na sababu ya vita ambayo taifa lolote lingeielewa. Raia wake wanazamishwa baharini na ardhi yake inagawiwa kwa siri. Hiyo niiite sababu ndogo, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa ina mipaka: adui akishindwa na bahari ikiwa salama, kazi imekwisha.

Usiku wa tarehe 2 Aprili Wilson alipohutubia mabaraza yote mawili, aliitaja sababu hiyo kisha akaivuka. Alisema dunia lazima ifanywe mahali salama kwa demokrasia. Alisema Marekani haitafuti ardhi wala fidia, inapigania haki za mataifa makubwa na madogo pamoja. Mapinduzi ya Urusi ya mwezi Machi yalikuwa yamemwondoa mfalme, kwa hiyo angalau kwa wakati ule ingeweza kusemwa kwamba upande mmoja ni wa demokrasia na mwingine ni wa watawala wa mabavu. Sababu hii kubwa haikuwa na mpaka. Haikutaja rangi wala bara. Kila mtu duniani aliyetawaliwa bila ridhaa yake alikuwa na haki ya kuisikia kama inamhusu.

Ndani ya ukumbi ule walikuwemo watu kama Seneta Henry Cabot Lodge wa Massachusetts, waliokuwa wakitaka vita tangu zamani. Lodge alitaka Ujerumani ipigwe hadi isiinuke, kwa maslahi na heshima ya Marekani. Alipiga kura ya ndiyo kwa sababu ndogo. Wademokrati wa Wilson wakapiga ndiyo kwa sababu kubwa, au kwa utii kwa kiongozi wao. Hata waliopiga hapana hawakuwa kundi moja. Seneta George Norris wa Nebraska alionya kwamba wanakaribia kuweka alama ya dola juu ya bendera ya taifa. Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Kongresi, alikataa kwa kuwa alikataa vita vyenyewe.

Wilson alikuwa na nafasi moja ya kuzileta sababu hizo mbili pamoja, akaiacha ipite. Aprili 1917 hazina ya dola ya Uingereza ilikuwa inaelekea kukauka. Uingereza na Ufaransa zilikuwa na mikataba ya siri ya kugawana nchi za watu: Italia ilikuwa imeahidiwa ardhi kwa Mkataba wa London wa 1915, nchi za Waarabu zilikuwa zimegawanywa kwenye ramani mwaka 1916, na Japani ilikuwa imehakikishiwa iliyokuwa milki ya Ujerumani katika Shandong, China. Mkopeshaji anapoombwa na aliyeishiwa, hapo ndipo anapoweka masharti. Wilson hakuweka. Alichofanya ni kukataa jina la mshirika kamili, akataka Marekani iitwe dola shirikishi, akiamini umbali huo utamlinda. Baada ya ushindi, mkopo ukiwa umeshatumika na adui ameshaanguka, wale aliowaokoa hawakuwa tena na haja kubwa ya kumsikiliza. Katika makosa yake yote hili ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine, na ni ajabu jinsi linavyotajwa mara chache.

Wa kwanza kumdai Wilson sababu yake kubwa walikuwa raia wake mwenyewe. Julai 1917 Wamarekani Weusi waliuawa na makundi ya Wazungu katika mji wa East St. Louis. Mwisho wa mwezi huo maelfu ya Weusi waliandamana kimya kimya New York, na moja ya mabango yao lilimuuliza Rais kwa nini asiifanye Marekani yenyewe kuwa mahali salama kwa demokrasia. Hawakupata jibu. Takriban vijana Weusi 380,000 walivaa sare za jeshi hata hivyo. Baadhi yao, kama kikosi cha 369 kutoka New York, walikabidhiwa kupigana chini ya Wafaransa, kwa kuwa jeshi lao lilikuwa la ubaguzi. Na Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba ya kupinga vita aliyoitoa Ohio mwaka 1918. Akiwa gerezani aligombea urais mwaka 1920 akapata kura zaidi ya 900,000.

Kijeshi, hesabu ya Ujerumani iliharibika. Uingereza haikufa njaa, na Marekani iliyoanza na jeshi dogo iliwapeleka Ufaransa askari wapatao milioni 2. Wamarekani 116,000 hivi walikufa, zaidi ya nusu kwa maradhi, homa ya mafua ya 1918 ikiongoza. Idadi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya Ufaransa au Urusi. Lakini ujio wa vijana wapya kila wiki ulivunja moyo wa jeshi lililopigana miaka minne. Oktoba 1918 serikali ya Ujerumani ilipoomba kusitisha mapigano haikuandika London wala Paris. Ilimwandikia Wilson moja kwa moja, ikiomba amani kwa msingi wa zile Hoja Kumi na Nne za amani alizozitoa Januari mwaka ule. Ni heshima ambayo viongozi wachache sana katika historia wameipata: adui kukuamini wewe kuliko anavyowaamini wenzako.

Ila nyumbani mambo yalikuwa yameshaharibika. Novemba 1918, siku chache kabla ya bunduki kunyamaza, chama cha Republican kilishinda mabaraza yote mawili. Mkataba wowote ungehitaji theluthi mbili ya kura za Seneti. Mtu mwenye busara ya kawaida angemchukua Lodge, au angalau kigogo mwingine wa chama hicho cha Republican, ampeleke Paris ajifunge naye. Wilson alimchukua Henry White, mwanadiplomasia mstaafu ambaye ni Republican kwa jina na hakuwa na kura hata moja ya kuleta.

Mkutano wa Paris, uliouandika Mkataba wa Versailles, ulifunguliwa Januari 18, 1919. Umati uliompokea Wilson Ulaya ulikuwa umemlaki kama mkombozi, na sauti zilizomwelekea zilitoka mbali kuliko Ulaya. Wamisri wakiongozwa na Saad Zaghlul walitaka kwenda kujieleza, Waingereza wakamkamata Machi 1919 wakampeleka Malta. Wakorea waliandamana tarehe 1 Machi kudai uhuru kutoka Japani. Kijana wa Kivietnamu aliyejiita Nguyen Ai Quoc, baadaye Ho Chi Minh, alipeleka madai ya watu wake. W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani Mweusi, aliitisha Kongamano la Waafrika na watu wenye asili ya Afrika mjini Paris mwezi Februari, akiwa pamoja na Blaise Diagne, mbunge kutoka Senegal. Wote hao walikuwa wamesoma hotuba za Wilson na kuzichukulia kwa uzito.

Jibu kwa Wamisri lilikuja Aprili: Marekani iliutambua rasmi utawala wa ulinzi wa Uingereza juu ya Misri. Wakorea hawakusikilizwa. Wachina, waliokuwa wametuma makumi ya maelfu ya vibarua kufanya kazi nyuma ya mistari ya vita Ufaransa, waliona Shandong ikikabidhiwa Japani badala ya kurudishwa kwao. Mei 4 wanafunzi wa Beijing walimiminika barabarani, na ujumbe wa China ukakataa kutia saini.

Kuna kikao kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa historia akijue. Aprili 11, 1919 Japani iliiomba kamati iliyokuwa ikiandika katiba ya Shirikisho la Mataifa, chombo kipya cha kulinda amani ya dunia, iingize sentensi ya kutambua usawa wa mataifa na utendewaji wa haki kwa raia wao. Maneno yalikuwa yameshalainishwa sana. Kura 11 kati ya 17 ziliunga mkono. Wilson, mwenyekiti wa kamati, aliamua kwamba pendekezo limeshindwa kwa kuwa halikupata kauli moja. Waziri Mkuu wa Australia, Billy Hughes, alikuwa amelipiga vita pendekezo hilo wazi wazi, na Uingereza ilisimama naye. Wilson naye alikuwa na maseneta wa majimbo ya Kusini wa kuwafikiria, na nyumbani mwenyewe alikuwa ameruhusu ubaguzi uenezwe katika ofisi za serikali kuu. Japani haikuwa malaika. Ilikuwa inawakandamiza Wakorea wakati ule ule. Lakini sentensi ile ilikuwa sahihi, wengi waliikubali, na aliyeizima ni mtu aliyeitangazia dunia haki za wote.

Kuhusu Ujerumani yenyewe, kuna hukumu iliyozoeleka: kwamba mkataba ulikuwa mkali mno, ukawadhalilisha Wajerumani, ukamzaa Hitler. Naiona hukumu hiyo ni ya haraka. Ujerumani ilipoteza takriban asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya, makoloni yake yote na jeshi lake kasoro askari 100,000. Ni adhabu kubwa. Lakini miezi 15 kabla, yenyewe ilikuwa imeilazimisha Urusi kusaini mkataba wa Brest-Litovsk, uliowaondolea Warusi karibu theluthi ya watu wao. Walioandika Versailles hawakuvumbua ukali. Tatizo la amani ile ni kwamba ilijengwa kwa kutegemea mlinzi ambaye hakufika kazini.

Ufaransa ilikuwa imetaka mpaka wake na Ujerumani usogezwe hadi mto Rhine. Waziri Mkuu wake, Georges Clemenceau, alikubali kuliacha dai hilo kwa sharti kwamba Marekani na Uingereza zitaahidi kwa maandishi kuja kuisaidia Ufaransa ikishambuliwa tena. Ahadi hiyo ilitiwa saini siku ile ile uliposainiwa Mkataba wa Versailles, Juni 28, 1919. Uingereza iliiridhia, lakini kwa masharti kwamba Marekani nayo iridhie. Seneti ya Marekani haikuipigia hata kura. Kwa hiyo Ufaransa ikakosa mto na ikakosa ahadi. Ufaransa ya miaka iliyofuata, iliyoingiwa na hofu, iliyong'ang'ania kila senti ya fidia na kupeleka majeshi Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, Januari 1923 ikiwa na Ubelgiji, haieleweki bila kuikumbuka kura hiyo ambayo haikupigwa.

Fidia nazo ziliingia katika mzunguko mbaya. Mwaka 1921 Ujerumani ilidaiwa mark za dhahabu bilioni 132. Waliokuwa wakidai walikuwa wenyewe wakidaiwa na serikali ya Marekani takriban dola bilioni 10 za mikopo ya vita, na Washington ilikataa katakata kulihusisha deni moja na lingine. Baada ya mpango wa Dawes wa 1924, uliopanga upya malipo ya fidia, fedha za wakopeshaji wa Kimarekani zilikwenda Ujerumani, Ujerumani ikawalipa Wafaransa na Waingereza, nao wakailipa Marekani. Soko la hisa la New York lilipoporomoka mwaka 1929 mzunguko wote ukakatika, na katika ukosefu wa kazi uliofuata ndipo chama cha Hitler kilipopanda kutoka pembeni hadi madarakani. Marekani ilikuwa imejitoa katika amani kama taifa, lakini kama mkopeshaji ilikuwa imekaa katikati ya meza.

Turudi Seneti, maana hapo ndipo sababu mbili za 1917 zilipogongana uso kwa uso. Ibara ya 10 ya katiba ya Shirikisho la Mataifa iliwataka wanachama kulinda mipaka na uhuru wa kila mwenzao. Lodge, sasa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alikuja na masharti 14. Kubwa lilisema Marekani haitawajibika kulinda mpaka wa yeyote mpaka Kongresi iamue katika kila tukio. Kisheria halikuwa jambo geni, kwa kuwa katiba ya Marekani tayari iliipa Kongresi mamlaka ya kutangaza vita. Kisiasa lilikuwa kila kitu. Lodge alikuwa anasema: sisi tulikwenda kumpiga Mjerumani, tumempiga, hatukusaini kuwa walinzi wa mipaka ya dunia. Wilson alikuwa anasema: bila ibara hiyo, wale vijana walikufa kwa ahadi isiyo na maana. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu vita alivyovipigia kura.

Wilson aliamua kwenda kwa wananchi. Septemba 1919 alizunguka nchi kwa treni akihutubia mara kadhaa kwa siku, mpaka alipoanguka Pueblo, Colorado. Oktoba 2 alipata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Kwa miezi mingi mkewe, Edith, ndiye aliyekuwa akiamua nani amwone na karatasi gani imfikie. Novemba 19 mkataba ulishindwa ukiwa na masharti ya Lodge, ukashindwa tena ukiwa hauna. Ulipopigiwa kura ya mwisho Machi 19, 1920, pamoja na masharti, ulipata kura 49 dhidi ya 35. Zilihitajika 56. Na hapa pana jambo linaloumiza: Wilson akiwa kitandani aliwaagiza maseneta wa chama chake waukatae. Zaidi ya 20 walimwasi. Kama wengine saba tu wangewafuata, Marekani ingekuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa.

Wapo wanaomsifu Wilson kwa kutoyumba. Mimi siwezi. Mtu aliyekwisha kuiachia Shandong, akaiachia Misri, akaizima kura 11 kati ya 17 kuhusu usawa wa watu, hakuwa na haki ya kusimama kidete dhidi ya masharti ya Lodge. Kwa madola makubwa alilegeza kila kitu. Kwa maseneta wa nchi yake hakulegeza hata nukta. Angefanya kinyume, huenda leo tungekuwa tunaisimulia amani nyingine.

Agosti 1921, chini ya Rais Warren Harding, Marekani ilisaini mkataba wake peke yake na Ujerumani mjini Berlin. Ilijihakikishia haki ambazo Versailles iliwapa washindi, bila kubeba wajibu wake. Kwa msimamo huo ilikwenda hadi kwetu: Februari 10, 1925 ilisaini London makubaliano na Uingereza ya kulinda haki za raia wake, biashara ikiwemo, katika Tanganyika.

Maana Tanganyika ilizaliwa kwenye Mkataba wa Versailles. Huku kwetu vita vilikuwa vimepiganwa miaka minne, kutoka Tanga hadi Ruvuma hadi Msumbiji, na jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Waliokufa zaidi hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi waliokusanywa kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Kongo na Tanganyika yenyewe, wakabebeshwa risasi na unga, wakamalizwa na kuhara, malaria na njaa. Makadirio ya kawaida kwa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia wafu laki moja. Ni idadi inayolingana na ya Wamarekani wote waliokufa. Hakuna mwakilishi wao aliyekaa Paris.

Wilson hakutaka makoloni ya Ujerumani yagawanywe waziwazi kama ngawira. Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuwa ametoa wazo la udhamini, ambalo mwenyewe hakulikusudia kwa Afrika, na Wilson akalipanua hadi makoloni. Ibara ya 22 ikaandika kwamba watu wasioweza bado kusimama wenyewe katika dunia ya sasa watakuwa amana takatifu mikononi mwa mataifa yaliyoendelea. Uingereza ikapewa Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi, Ureno ikamegewa pembe ya Kionga kusini mwa mdomo wa Ruvuma, na Smuts akaondoka na Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo haikuwa huru hadi 1990 kwa jina la Namibia. Ibara ya 246 ya mkataba iliitaka Ujerumani irudishe ndani ya miezi sita fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa 1898. Lilitakiwa likabidhiwe serikali ya Uingereza. Wahehe walilipokea Kalenga mwaka 1954, kutoka kwa Gavana Edward Twining.

Hata hivyo sitasema udhamini ulikuwa uongo mtupu. Uliacha mlango ambao koloni la kawaida halikuwa nao. Mtawala alitakiwa kuandika taarifa kila mwaka, na baada ya 1945, chini ya Umoja wa Mataifa, watu wa Tanganyika waliweza kwenda wenyewe kushtaki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kueleza jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe Wazungu. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile, lakini Tanganyika yote ilijua kuwa mtu wake amesimama mbele ya dunia. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama hapo hapo mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU.

Mwaka uliotangulia, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umezunguka Tanganyika na kupendekeza ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25. Mmarekani aliyekuwemo katika ujumbe huo, Mason Sears, aliunga mkono kuwekwa muda. Serikali yake mjini Washington, ikiwafikiria Waingereza, ikajitenga na msimamo huo. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961.